Kirusi cha Oklahoma

Hivi moto ukiwaka kwenye chombo angani na mko watu wa nchi mbili, mnapiga kelele kwa lugha ya nani? Wengi tutajibu Kiingereza, yaishe, na kweli kwenye ISS, kile kituo cha kimataifa cha angani, Kiingereza ndo lugha ya kazi. Ila mi naona wazee wa 1975 walitushinda akili.

Julai 17 mwaka huo vyombo viwili, Apollo ya Marekani na Soyuz ya Wasovieti, vilishikana huko juu, na mpango ulikuwa Mmarekani aongee Kirusi, Msovieti aongee Kiingereza, yaani kila mtu ahangaike na lugha ya mwenzie. Nilipoisoma mara ya kwanza nikacheka, nikasema hawa si wanajitafutia taabu? Kumbe wapi. Mtu akiongea lugha ya ugenini anaenda taratibu, anaokota maneno mepesi, mafumbo ya kwao anayaacha nyumbani, na anayesikiliza anasikia lugha yake hata kama imevunjikavunjika. Ingekuwa kinyume mwenye lugha angemwaga maneno kama yuko kijiweni na mgeni anaitikia ndiyo, ndiyo, hajashika kitu (tusidanganyane, hiyo ndiyo wote tumeshaitoa).

Tom Stafford, kamanda wa Apollo, alizaliwa jimbo la Oklahoma na lafudhi ya kwao aliibeba mzimamzima mpaka kwenye Kirusi. Alexei Leonov, kamanda wa Soyuz, akawa anatania eti lugha za safari ile zilikuwa tatu: Kirusi, Kiingereza na Oklahomski. Na kazi ikaenda.

Sasa muangalie Norman Thagard, mwanaanga wa Marekani, 1995, siku 115 na Warusi wawili, kwenye kituo chao cha Mir, Kirusi asubuhi Kirusi jioni. Alikuja kusema wazi kwamba kilichomtesa ni upweke wa kuwa mbali na lugha na watu wa kwao. Mi simshangai, mzigo wote alibebeshwa yeye.

Wale watatu wa kwanza kuishi ISS, mwaka 2000, Mmarekani mmoja na Warusi wawili, walichanganya tu humohumo, ikaitwa Runglish. Sheng ya angani hiyo.

Siku hizi wanabadilishana viti. Septemba 2022 Frank Rubio wa Marekani akapanda Soyuz, vitufe vyote Kirusi, na wiki mbili baadaye Anna Kikina wa Urusi akapanda Dragon, chombo cha Wamarekani, skrini zote Kiingereza. Leonov angefurahi hapo.