Fundi, Funga Paa la Shangazi

Jumamosi nilipanda ngazi kwenye nyumba ya shangazi huku Makorora. Kenchi, zile fremu za mbao za paa, zimeshasimama, yanasubiriwa mabati. Nikaisukuma kwa kiganja ile mbao inayolala juu ya linta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, na kubeba kenchi zote. Ikasogea! Hakuna nondo, hakuna waya, hakuna bolti. Imelazwa tu.

Nikamuuliza fundi. "Kaka, matetemeko ni ya Bukoba. Hapa Tanga tangu lini?"

Usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilianzia baharini, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, na glasi za shangazi huyu huyu ziligongana kabatini. Haya, sikusikia nyumba iliyoanguka kwetu. Lakini lile la Kagera, Septemba 10, 2016, lilikuwa la 5.9 na liliua watu zaidi ya 15. Wao lilikuwa karibu yao, sisi lilikuwa mbali. Basi.

Kinachoniuma ni imani kwamba uzito ndio unaoishikilia nyumba. Ardhi ikitikisika, uzito unageuka adui: ukuta unavutwa huku, paa linabaki kule, kisha wanapishana tena. Kinachowalazimisha kwenda pamoja ni kiungo. Na viungo havilingani. Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha mbao, ukafuata nyuzi zake, unashikwa kidogo sana. Ukivutwa mara kadhaa unachomoka. Uliopigwa ubavuni, ukakatiza nyuzi, hauchomoki kirahisi. Mtikisiko ukiusukuma kwa pembeni, unapinda na kupindika tena, na kila unapopinda unameza sehemu ya nguvu ambayo ingeipasua mbao. Ndiyo maana skrubu za jipsamu hazifai kwenye kenchi: ni ngumu, hazipindi, zinakatika ghafla. Hata chuma kizito kina shida hiyo. Baada ya tetemeko la Northridge kule California, Januari 17, 1994, maghorofa ya chuma yaliyokuwa bado yamesimama yalikutwa na nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa.

Babu alijenga kibanda chake Mwambani kwa boriti na fito zilizofungwa kwa kamba za makumbi. Kusi ikivuma kilicheza chote, kisiachane.

Najua, tofali zenye saruji kiduchu zinaua watu wengi kuliko paa. Nitaziandikia siku yake.

Shangazi alitusikiliza wote wawili, akasema, "Mwanangu, mimi ndiye nitakayelala chini yake. Fungeni." Linta imeshakauka, kwa hiyo tumekodi drili, tunatoboa mbao na zege na kuingiza bolti za milimita 12 zinazotanuka ndani. Kila nati ina wosha pana ya mraba, isizame kwenye mbao. Nilipokaza ya kwanza nikasukuma tena kwa mikono miwili. Haikusogea.

Mpaka jana jioni zimeingia sita, zote upande wa barabarani. Upande wa uani bado, na mabati yameshashushwa mlangoni.