Mswaki wa mtoto mwenye Down, baba naye aushike

Huku Pemba mtoto akichelewa kuota meno, maneno huwa mengi. Akianza na ya juu ndiyo basi tena: ataitwa kigego, na wapo wazee watakaomhesabia mikosi. Sasa, mtoto mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, meno yake huchelewa. La kwanza laweza kutoka keshatimiza mwaka, hata kukaribia miwili, na hayafuati zamu ya wenzake. Mengine hayaoti kabisa. Ndivyo alivyoumbwa, hana nuksi ya mtu.

Linaloniuma ni jengine. Wazazi wengi tunatafuta tundu kwenye jino. Jino likiwa jeupe tunashukuru, tumemaliza. Lakini adui mkubwa wa watoto hawa ni maradhi ya fizi. Kinga yao ya mwili haipigani vyema na vijidudu, tena wengi hupumua kwa mdomo, mate yakakauka. Meno yanaweza kuwa mazima kabisa na bado yakalegea, yakang'oka angali kijana.

Kwa hiyo mswaki asiachiwe mwenyewe. Achezee kidogo, kisha umalizie wewe. Kwetu tunakaa mkekani, mimi na bibi yake, tumeelekeana magoti yakigusana. Mtoto analaza kichwa mapajani mwangu, bibi anamshika mikono huku akimwimbia. Nainua mdomo wa juu kwa kidole, nasugua taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Dawa ya meno iwe na floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3. Ukiona damu usikimbie kuacha. Ufizi huo ndio hasa unaotaka kusafishwa.

Kazi hii ni asubuhi na usiku, kila siku ya Mungu. Akina baba, "mwambie mama yake" si jawabu. Mama akichoka, mtoto analala na uchafu mdomoni.

Na kwa daktari wa meno, iwe Chake Chake au hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja, mpeleke tangu jino la kwanza. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na vijidudu vya mdomoni vikiingia kwenye damu vyaweza kufika huko. Basi habari ya moyo itajeni mapema, daktari aamue kama mtoto anahitaji antibiotiki kabla ya kutibiwa meno. Azoee kile kiti na ile taa akiwa haumwi. Anayefikishwa pale mara ya kwanza kung'olewa jino, safari ya pili mtamshika watu wanne na mdomo hafungui.