Lowassa na maswali ambayo hakuulizwa

Februari 7, 2008, Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma na kutangaza kwamba amemwandikia Rais Jakaya Kikwete barua ya kuomba kuachia uwaziri mkuu. Siku moja kabla, Dk. Harrison Mwakyembe alikuwa amesoma ripoti ya Kamati Teule ya Bunge kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa na nchi nzima ikawa kwenye mgawo.

Tuanze na upande wake, maana siku hizi hausemwi sana. Kamati ilihoji watu wengi, lakini yeye, aliyeguswa kuliko wote, haikumwita. Alilalamika bungeni kwamba amenyimwa haki ya kusikilizwa, akaona kinachotafutwa ni uwaziri mkuu wenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Hata mwizi wa kuku hupewa nafasi ya kujitetea.

Ila ripoti nayo haikuwa porojo. Ilieleza jinsi mchakato wa zabuni ulivyotolewa mikononi mwa Tanesco, shirika la umeme la taifa, jinsi maelekezo yalivyotoka juu, na jinsi kampuni isiyo na uwezo ilivyoibuka mshindi. Mitambo ilichelewa, mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na Tanesco ikawa inalipa Sh152 milioni kwa siku. Waliotetea maamuzi yale walisema nchi ilikuwa gizani na isingeweza kusubiri. Sawa, lakini dharura haikumzuia mtu kuuliza kama kampuni ipo kweli.

Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao waliondoka, Baraza la Mawaziri likavunjika. Wengi tulishangilia, tukaona Bunge limepata meno. Lakini Lowassa hakufikishwa mahakamani kwa suala hilo. Hakuhukumiwa, wala hakusafishwa. Kwangu mimi, safari yake yote iliyofuata ilitokana na hapo.

Mlinganishe na Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa mauaji ya Shinyanga yaliyofanywa na watu walio chini yake. Mwinyi alibeba mzigo wa wengine bila kunung'unika, na mwaka 1985 akawa Rais. Lowassa aliondoka akisema ameonewa, kwa hiyo kujiuzulu kwake hakukumjengea heshima ile. Kulimpa kitu kingine: wafuasi walioamini kuna deni analodai.

Na hawakuwa wafuasi wa kununuliwa tu, kama wapinzani wake walivyopenda kusema. Ukienda Shinyanga na Kahama utakuta maji ya Ziwa Victoria, mradi alioupigania akiwa Waziri wa Maji licha ya manung'uniko ya Misri. Shule za kata, yaani sekondari zilizojengwa kila kata, alizisimamia kwa mkono wa chuma. Zilifunguliwa bila maabara, zikajaa walimu wa mafunzo ya haraka tuliowabatiza "Voda fasta", lakini ziliwaingiza sekondari watoto ambao wangeishia darasa la saba. Mimi humpa alama kwa hilo, pamoja na kasoro zake.

Mwaka 2015 chama chake tawala, CCM, kililikata jina lake mapema katika kumtafuta mgombea urais, na baadhi ya wajumbe Dodoma wakaimba hadharani kwamba wana imani naye. Wiki chache baadaye alikuwa Chadema, chama cha upinzani ambacho mwaka 2007 kwenye mkutano wa hadhara pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, kilimtaja kwenye orodha yake ya mafisadi. Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa Chadema aliyeisoma orodha ile, akaachana na siasa za chama. Viongozi wa Chadema walipiga hesabu ya kura, na kwa hesabu tu hawakukosea: Lowassa alipata zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, kiwango ambacho hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kukifikia kwenye urais wa Muungano. Walichopoteza ni ile ajenda ya ufisadi. John Magufuli, mgombea wa CCM, aliiokota ikiwa nzima, akaingia nayo Ikulu.

Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, akapokewa kwa bashasha, na alipofariki Februari 2024 sifa zilitoka kila upande. Vyama vyote viwili vilimpokea kwa zamu, na hakuna hata kimoja kilichomtaka kwanza ajibu hadharani yale maswali ambayo Kamati Teule haikumuuliza.