Je, Jack Torrance aliwahi kuwa mzima?

Mwandishi Stephen King hajaficha kwamba The Shining, filamu ambayo Stanley Kubrick aliitoa mwaka 1980 kutokana na riwaya yake ya 1977, haikumridhisha. Lalamiko lake kubwa ni kwamba Jack Nicholson, anayeigiza kama Jack Torrance, anaonekana kichaa tangu anapokwenda kuomba kazi ya kutunza hoteli ikifungwa majira ya baridi. Katika riwaya, Jack ni mlevi aliyeacha pombe na anampenda mwanawe, hivyo hoteli inamla kidogo kidogo na msomaji anaumia.

Hoja hiyo ina uzito. Tazama familia ikiwa garini kuelekea hotelini: nyusi zimepanda, tabasamu limekaza, hasira ipo tayari. Toleo la Ulaya lilizidisha tatizo. Lilikatwa zaidi ya dakika 20, ikiwemo ziara ya daktari ambapo Wendy anasimulia mumewe alivyomwumiza mtoto mkono akiwa amelewa. Bila maelezo hayo, Jack hana historia, ana uso tu.

Lakini Kubrick hapimi wazimu kwa uso wa Jack. Anaupima kwa kile anachokijua Wendy. Taipureta ya Jack inalia siku nenda siku rudi, naye anaamini kitabu kinaandikwa. Anapofunua rundo la karatasi, anakuta sentensi ileile moja, ukurasa baada ya ukurasa. Hofu inayomshika ni ya kujiuliza: ameishi na mtu huyu hivi tangu lini? Tungeonyeshwa kila hatua ya kuporomoka, swali hilo lingekufa.

Na mhusika anaweza kuanza akiwa na ufa. Katika Repulsion ya Roman Polanski (1965), Carol, mtengeneza kucha wa London, tunamkuta tayari amezubaa mbele ya mteja. Kuzama kwake tunakusoma kwenye vitu: sungura aliyechunwa anaoza, viazi vinachipua, ukuta unapasuka, vyumba vinapanuka kwa lenzi pana na kuta za seti zilizosogezwa. Filamu nyingi dhaifu hukosa kipimo cha namna hii. Zinarundika vioo, damu na muziki, na mtazamaji hajui mgonjwa amefika wapi.

Kwa hiyo King ana haki kuhusu baba, si kuhusu hofu. Jack anampakata mwanawe Danny kitandani na kumwambia anampenda, lakini wakati huo macho yake yameshapotea. Tukio kama hilo likiwekwa kabla ya theluji kuwafungia lingetosha, bila kuzigusa zile karatasi.