Wanaotuzuia tunaimba nao kwaya moja

Naandika hii nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie. Kuna dada mmoja kwenye jumuiya yetu, jina simtaji na ofisi yake siitaji, alienda semina ya kikazi iliyopangwa siku tano ikafanyika mbili, mnajua zinavyokuwaga. Ikaletwa ile karatasi ya mahudhurio ya siku zote tano watu wasaini wachukue posho waende zao. Yeye akasaini mbili. Basi. Hakuhubiri, hakumripoti mtu, hakupiga picha akatupia mtandaoni, kasaini siku alizokuwepo akachukua pochi yake akaondoka. Sasa mhasibu hesabu zake hazilingani, mkuu wa kitengo kanuna, wenzake wanamuita "mama mchungaji" kwa kejeli, na tangu hapo kwenye orodha ya safari jina lake halionekani.

Hayo mi sina shida nayo, ofisi ni ofisi. Kilichonipandisha presha ni Alhamisi alivyolileta jambo lake jumuiya tumuombee. Mzee wetu wa kanisa, mtu namheshimu kabisa, aliyesimama na familia yetu kwenye msiba wa baba mwanzo mwisho, akakohoa kidogo akamwambia "Mwanangu, Bwana alisema tuwe na busara kama nyoka. Usijifanye mtakatifu kuliko kanisa." Na watu wakaitikia amina! Mama mmoja akaongezea kwamba Mungu anaangalia moyo. Mwingine akasema una watoto wanasoma mdogo wangu, ada haijui wokovu. Tukaombea "hekima", tukanywa chai na maandazi, tukatawanyika, na dada wa watu akatoka kainamisha kichwa kama yeye ndo kaiba.

Tuanze na huyo nyoka. Nimeusikia huo mstari tangu niko darasa la kipaimara na naapa ni nadra sana kumsikia mtu akiumaliza, maana unaendelea "na kuwa watu wapole kama hua", na unaanza na kondoo kutumwa katikati ya mbwa-mwitu. Sisi huyo hua, yaani njiwa, tumemuacha aende, kondoo tumemchinja pasaka, tumebaki na nyoka peke yake tunamfuga vizuri kabisa. Ni Mathayo 10 hiyo, chukueni Biblia zenu msome sura yote msiishie mstari wa 16. Mstari unaofuata tu Yesu anawaambia watapigwa wapi, anasema kwenye masinagogi yao. Yaani nyumba ya ibada! Hakusema kwenye kilabu cha pombe wala kwa mganga. Ukishuka mpaka 36 unakuta adui za mtu ni wale wa nyumbani mwake. Sasa sisi tunaisoma hiyo sura halafu tukikesha Ijumaa adui ni nani? Ni shangazi wa kijijini mwenye hirizi, ni bosi anayeloga, ni jirani aliyekuangalia vibaya ulivyonunua bodaboda. Tunapiga kelele moto moto mpaka sauti zinakauka, na mtu aliyemwambia mwenzake aache kumtii Kristo Alhamisi iliyopita yuko mstari wa mbele anapiga makofi, na pengine ndo anaongoza maombi.

Kila tarehe 3 Juni tunajaza magrupu picha za mashahidi wa Uganda. Vizuri, na mimi natuma. Lakini hivi tumewahi kujiuliza wale vijana walikuwa nani? Walikuwa wafanyakazi wa ikulu jamani. Wale wa Namugongo waliochomwa 1886 wengi wao walikuwa wahudumu kwenye jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, watu wenye kazi nzuri, wenye bosi, wenye kupandishwa cheo wakikaa vizuri. Na Yosefu Mukasa Balikuddembe, ambaye alikuwa mkubwa wao pale, yeye hata hakusubiri Namugongo. Askofu Hannington, Mwanglikana, aliuawa Busoga mwishoni mwa Oktoba 1885 kwa amri ya Mwanga. Mukasa ni Mkatoliki, hilo halikuwa la kanisa lake, angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angemlaumu. Akaenda akamwambia bosi wake kwamba hukufanya vizuri. Tarehe 15 Novemba wakamkata kichwa. Ebu mlete huyo Mukasa kwenye jumuiya yetu Alhamisi wiki moja kabla, aseme ndugu zangu nina mzigo, nataka kumwambia Kabaka ukweli kuhusu yule askofu. Mnajua angejibiwa nini. Nyoka angetolewa kabatini haraka sana.

Na msidhani ni sisi wa leo tu tumeharibika. Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, wale wa wimbo wa Tukutendereza, leo kila dhehebu linawasifia na kujidai nao, ule moto ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda ukavuka mpaka kwetu Kagera. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 wa Uamsho akiwemo William Nagenda. Waliofukuza siyo Waislamu, siyo wapagani, siyo serikali, ni chuo cha kanisa kinachofundisha wachungaji! Walikatazwa zile ibada zao za alfajiri na kuhubiri hovyo chuoni, wakagoma, wakaonyeshwa geti. Nikubali tu, kwa shingo upande, kwamba mkuu wa chuo na yeye alikuwa na hoja yake kidogo. Mi mwenyewe kuna kanisa nyuma ya nyumba ninayopanga wanaanza saa kumi usiku na spika mbili, na sijawahi kuamka nikasema haleluya. Walokole wale walikuwa wagumu, wengine wasumbufu, wanakutajia dhambi zako mbele za watu wakati hata hujawauliza. Sawa. Ila mi naona kilichowaudhi wakubwa wengine wa makanisa siyo kelele tu, ni kwamba hawa watu walikuwa wanarudisha vitu.

Hapo ndo penyewe. Mtu akiokoka anabeba jembe aliloiba anampelekea mwenyewe, karani anarudisha hela ya ofisi, mwingine anaswaga ng'ombe siyo wake anawarudisha mchana kweupe. Bibi yangu kule Karagwe alikuwa na hadithi moja alikuwa haichoki. Kuna mzee pale kijijini alikuwa anafanya butura, ananunua kahawa ya watu ikiwa bado maua kwa hela ya kutupa, na mwaka huo alikuwa amenunua hivyo kahawa ya shamba zima la mjane mmoja, wakati mtoto wa huyo mama anaumwa. Akaokoka. Msimu ulipofika akavuna ile kahawa, akaianika, akaibeba yote akaenda kumwaga uwanjani kwa yule mama, akasema Ma, hii ni yako, ile hela niliyokupa ilikuwa ya dawa ya mtoto sikudai. Yule mama akalia. Sasa nani alikasirika? Bibi alikuwa akifika hapa anacheka mpaka anashika kiuno. Waliokasirika ni wazee wa kanisa wawili watatu, kwasababu na wao walikuwa na butura zao, na wajane wengine walianza kuuliza mbona za kwetu hazirudi? Wakamuita yule mzee barazani wakamuonya kwamba analeta fujo katika nyumba ya Mungu. Kahawa karudisha yeye, fujo kaleta yeye!

Ndo maana hasira yangu kwa mzee wetu wa Alhamisi imepungua kidogo, maana nimekaa nikafikiria ni kitu gani hasa kilimtisha. Siyo kwamba ni mtu mbaya. Anajua hesabu. Usharika wetu una jengo halijaisha, kila Jumapili harambee, kwenye mnada kuku anauzwa laki na nusu na anayemnunua tunampigia vigelegele, na wote tunajua mshahara wake hauruhusu kuku wa laki na nusu. Zile siku tatu hewa zina fungu la kumi ndani yake. Zipo kwenye bati, zipo kwenye nondo, zipo kwenye vyombo vya kwaya ninavyovifurahia mimi mwenyewe. Dada mmoja akisaini siku mbili ni dada mmoja tu, lakini usharika mzima ukisaini siku mbili ujenzi utakwama miaka kumi. Kwahiyo anayesaini mbili hatuwezi kumshangilia kwa sauti, anatutia aibu wote kwa pamoja bila kutamka neno. Tunamwita mkali, tunamwita mwenye kiburi cha kiroho, tunamuombea hekima. Na hatumpigi, sisi siyo washenzi, tunamzunguka kwa upendo mpaka achoke.

Najua kuna atakayekuja kusema posho ni ndogo, mishahara haijapanda, wakubwa wanakula mabilioni we unahangaika na siku tatu. Kweli kabisa. Wakubwa waseme na nafsi zao, mi hapa naongelea watu ninaokunywa nao chai ya jumuiya.

Kuna kitu kingine hakinitoki. Buta, kule Bururi, kusini mwa Burundi. Seminari ndogo, yaani shule ya vijana wanaojiandaa kwa upadre. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, nchi ikiwa kwenye vita, waasi wakaingia bwenini wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Kitu chepesi hicho, huambiwi umkane Yesu, huambiwi uvunje msalaba, unaambiwa tu sogea pembeni. Wale watoto wakakataa kuachana. Arobaini wakauawa. Nikawa najiuliza zamani kwamba mtoto wa shule anapata wapi ujasiri wa namna ile saa ile, usingizini, bunduki iko usoni. Ila ukifuatilia unakuta gombera wao, yaani mkuu wa seminari, padre Zacharie Bukuru, alikuwa amehangaika na jambo hilo hilo kwa miaka tangu mauaji ya 1993, anawakalisha vijana waongee mambo ya ukabila waziwazi wasifiche chuki, wanacheza pamoja, wanasali pamoja, wanakula pamoja wakati nje watu wanachinjana na kila mmoja ana habari za msiba nyumbani kwao. Siku ile walifanya kitu walichokuwa wanakifanya kila siku mezani. Mazoezi yao yalikuwa madogo madogo sana, nani akae na nani, nani apewe pasi ya mpira. Sasa sisi tunaoshindwa karatasi ya mahudhurio, ambapo adhabu yake ni kununiwa na mhasibu, eti tukija kuwekewa bunduki ndo tutasimama? Kwa mazoezi yapi?

Halafu kuna wale wasiojali, hao nao sijui niwaweke wapi. Ombi la yule dada lilitumwa kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, watu wakaweka vile vimikono vya kuomba kama kumi na tano hivi vikajipanga, na meseji iliyofuata ilikuwa ya vitenge vya wax, jumla na rejareja, nicheki inbox. Basi ikaisha hapo. Afadhali hata mzee wa kanisa, yeye angalau alishtuka, alimsikiliza mpaka mwisho, akampinga. Wengi wetu tulikuwa tunasubiri maandazi. Ule uvuguvugu wa Laodikia, lile kanisa la kwenye Ufunuo lisilo moto wala baridi, watu wanadhani ni wa wasioenda kanisani, jamani, wasioenda kanisani watajuaje kutuma vimikono.

Na mi sisemi kila anayepingwa ni mtakatifu, tuelewane. Kuna watu wanapingwa kwasababu ni wajeuri tu, anachelewa kazini kila siku kisa alikuwa kwenye maombi, akionywa anasema ni vita vya kiroho. Huyo aonywe tena kwa maandishi. Paulo anamwambia Timotheo kwamba wote wapendao kuishi maisha ya utauwa katika Kristo Yesu wataudhiwa, hajasema kila anayeudhiwa ana utauwa.

Ila yule dada wa siku mbili namjua. Kimya, anafika saa moja na nusu, anatoka saa kumi, faili zake zimepangika. Juzi nimempigia nikategemea nitamkuta amevunjika moyo nimtie nguvu, nimeandaa na mistari kabisa, akaniambia yuko sawa, shida yake siyo ofisi, ofisini alishajiandaa kisaikolojia. Akasema tu kwamba Alhamisi hajui kama atakuja maana amechoka kuombewa.

Amechoka kuombewa! Mlioko viongozi wa jumuiya naomba mlisome hilo mara mbili. Kama kwenye mtaa wako kuna mtu wa hivyo, usimpelekee ushauri, wala mstari, wala nyoka. Mtembelee, kaa naye, uliza watoto wana ada, na kama hawana tuchange, tulichanga milioni ya sare za kwaya kwa wiki mbili hatushindwi hiyo. Alhamisi hii jumuiya ni kwangu na nimeshamwambia mzee wetu ana kwa ana kwamba nitalisema hili wazi, kanijibu "Sawa mwanangu, ila uliseme kwa busara." Nimemwambia shikamoo baba, nitajitahidi. Na kama wewe ndo mhasibu wa ile semina na umefika mpaka hapa, karatasi yenye siku mbili inaingia kwenye faili vizuri tu, hailiumi.