Kabla ya Kupakua Programu Nyingine, Zichimbe Hizo Ulizo Nazo

Fungua simu ya mtu yeyote anayelalamika kuwa imejaa. Utakuta programu ya kuskani karatasi, ya kusafisha simu, ya tochi, ya kusoma maandishi kwenye picha, na nusu yake hajaigusa tangu aipakue. Msimamo wangu ni kwamba karibu zote hizo ni mzigo mtupu. Kazi zake zimo tayari ndani ya simu, ila zimekaa hatua mbili tatu ndani ya mipangilio, mahali ambapo wengi huingia siku ya kubadilisha mlio tu.

Nianze na arifa, maana ndizo zinazowafanya watu wachukie programu isiyo na kosa. Mtu anachoshwa na matangazo ya programu ya benki, anazima arifa zote kwa hasira, kisha analalamika kwamba hakuona taarifa ya pesa kutoka. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, arifa za programu moja zimegawanywa mafungu. Tangazo likishuka, usilifute. Lishikilie kwa kidole hadi yatokee machaguo, kisha nyamazisha au zima fungu hilo peke yake. Matangazo yatakoma, taarifa za miamala zitaendelea kuingia. Wapo watengenezaji wanaorundika kila kitu kwenye fungu moja ili usiwe na pa kuchagua; huo kwangu ni ujeuri, na programu ya namna hiyo naifuta kama ina mbadala. Kwenye iPhone hakuna mafungu haya, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe. Na kama una kawaida ya kufuta arifa kabla ya kuisoma, Android 11 na zilizofuata zina historia ya arifa inayotunza za saa 24 zilizopita. Lazima uiwashe mapema, kwani haiwezi kukuonyesha zilizopita kabla hujaiwasha.

WhatsApp ndiyo inayokula nafasi kuliko watu wanavyodhani. Ingia Mipangilio, kisha Hifadhi na data, kisha Simamia hifadhi. Utaona mafaili yanayozidi MB 5 yamewekwa pamoja, halafu soga zako zikiwa zimepangwa kuanzia inayokula nafasi nyingi zaidi. Video tatu nne za kundi moja mara nyingi huwa nzito kuliko picha zako za mwezi mzima. Kabla ya kufuta, zitie nyota zile unazotaka zibaki, ili usizifagie pamoja na nyingine. Ukifuta na nafasi isirudi, mara nyingi sababu ni hii: faili lilelile liko kwenye soga nyingine ulikolisambaza. Nakala zote zisipoondoka, nafasi haiachiwi.

Ukirudi kwenye Hifadhi na data, gusa sehemu ya upakuaji wa midia na uondoe alama kwenye video kwa upande wa data ya simu. Bando litakushukuru. Kuna pia swichi ya kuzuia midia isionekane kwenye galari, lakini inahusu vitakavyopakuliwa baadaye tu. Vya zamani vitabaki pale pale. Kwenye Android kuna jambo jingine linalosumbua wengi: nakala rudufu ya WhatsApp siku hizi inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti ya Google, pamoja na barua pepe na picha. Zikijaa, nakala inakwama kimyakimya, na mtu hujua siku simu imepotea. Ondoa video kwenye nakala hiyo, uzito utapungua sana.

Kuhusu programu za kusafisha simu na kuokoa betri, sina maneno mengi: zifute. Android yenyewe huondoa programu kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi zinazoendelea, nafasi ikihitajika. Ukizifunga zote kila baada ya dakika chache, simu inalazimika kuzianzisha upya kutoka mwanzo, na hilo ndilo linalokula chaji. Kama ujumbe unachelewa kuingia hadi uifungue programu, kagua matumizi yake ya betri. Huenda imewekewa vikwazo isifanye kazi chinichini. Ziondolee vikwazo hivyo programu chache unazozihitaji papo hapo, si zote. Na ukifika kwenye sehemu ya hifadhi ya programu, tofautisha vitufe viwili: kufuta kache, yaani mafaili ya muda, hakuna madhara, bali kufuta data kunaiacha programu kama mpya, na vyote vilivyokuwa ndani ya simu tu vinakwenda na maji.

Kuskani hakuhitaji kupakua kitu. Kwenye iPhone, programu ya Notes inaskani karatasi. Kwenye Android, Google Drive inafanya hivyo na kukupa PDF. Weka karatasi juu ya meza yenye rangi tofauti nayo, la sivyo kamera haitaona kingo zake. Kunakili maandishi kutoka kwenye picha ni kazi ya Google Lens, au kwa iPhone ni kushikilia maneno ndani ya picha, kuanzia iOS 15.

Kibodi nayo inadharauliwa. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, telezesha kidole juu ya kitufe cha nafasi, kishale kitasogea herufi kwa herufi hadi kwenye kosa. Ulichonakili hukaa kwenye ubao wake wa kunakili kwa saa moja tu, isipokuwa ukikibana pale kwa pini.

Mwisho ni ramani. Kwenye Google Maps, gusa picha yako ya akaunti, chagua ramani za nje ya mtandao, vuta fremu ifunike eneo lote unalokwenda, kisha pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Bila mtandao utapata njia za gari tu: za miguu, baiskeli na usafiri wa umma hazipo, na foleni huzioni. Kabla ya kuondoka, zima data na Wi-Fi, tafuta njia ya kufika unakokwenda. Ikigoma, fremu yako haikufika huko. Rudi uivute upya.