Kifua cha teria katika viganja vya mwamuzi

Mwamuzi wa maonyesho ya mbwa anapomfikia Jack Russell, teria mdogo wa kuwinda, aliyesimamishwa juu ya meza, humshika kwa viganja viwili nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele na kukizungusha kifua mpaka vidole gumba vikutane mgongoni na vingine vikutane chini. Vigezo vya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, vinataka mzunguko huo uwe sentimita 40 hadi 43 hivi. Asiyejua atadhani ni fundi cherehani anayempima mteja, kumbe katika ukaguzi wote ule hapo ndipo mbwa anapoulizwa habari za kazi yake. Teria walizalishwa Uingereza ili wamfuate mbweha shimoni, na jina lao lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Mwenye kifua kipana kuliko shimo hana la kufanya mlangoni isipokuwa kubweka.

Wanaoyapinga maonyesho husema swali hilo moja halitoshi, na wana hoja. Dakika chache za mezani haziwezi kuonyesha kama mbwa ana pua, ana moyo wa kuvumilia giza, au ana akili ya kumzuia mnyama bila kujitosa menoni mwake. Ndiyo maana chama kikongwe cha wafugaji wa Jack Russell nchini Marekani kilipinga vikali American Kennel Club, chama kikuu cha kusajili mbwa nchini humo, ilipoipokea mbegu hiyo miaka ya 1990, na mbwa wa maonyesho wakaishia kuitwa Parson Russell kuanzia 2003. Hoja yao hupata nguvu zaidi kwenye manyoya. Foksi teria wa manyoya magumu ametwaa tuzo kuu ya Westminster, maonyesho mashuhuri ya mbwa huko Marekani, inayotolewa tangu 1907, mara 15 kufikia 2019, na hakuna mbegu nyingine iliyomkaribia. Lakini manyoya yake hunyofolewa kwa vidole na kisu kidogo, kazi ya saa nyingi. Hapo mimi mwenyewe hujiuliza kama anayepewa kombe ni mbwa au kinyozi.

Hata hivyo, tukiyafuta maonyesho, mbwa wa kazi atabaki kuamuliwa na mwenye mbwa, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sheria ya mwaka 2004 imebana uwindaji wa kutumia mbwa Uingereza na Wales, hivyo shimo lenyewe limepungua kama mahali pa mtihani. Tena vigezo vilivyoandikwa kwa uangalifu havikuisahau kazi: vile vya Parson Russell nchini Marekani vinaelekeza kwamba makovu ya zamani yasimpunguzie mbwa nafasi yake ulingoni, ilimradi hayamzuii kutembea wala kufanya kazi. Kwa hiyo naelemea upande wa maonyesho, kwa sharti kwamba viganja vitangulie macho.

Huku Dar es Salaam hali ni kinyume, kwa sababu mnunuzi wa mtoto wa mbwa mara nyingi huletewa picha kwenye simu, akaulizwa anapenda mabaka ya rangi gani. Jirani yangu wa Mbezi alimchagua Simba wake hivyohivyo. Ni hodari wa panya buku chini ya banda la kuku, lakini nilipojaribu kumpima kama mwamuzi, vidole vyangu viliachana kwa upana wa vidole viwili: ugali na dagaa kila jioni. Mwamuzi angemwacha, na nisingemlaumu, ingawa panya wa banda lile wangekuwa na maoni mengine. Nilimshauri jirani apunguze ugali.

“Akipungua, jirani,” akanijibu, “si atapita chini ya geti?”